Genta Ina Siku Zake

Sindano bado inaaminiwa kuliko kidonge. Mgonjwa akipata nafuu, anataka aongezewe. Asipopata, anataka aongezewe vilevile. Kwa sindano ya gentamisini, au genta kwa kifupi, mazoea hayo yanaua figo.

Gentamisini, inayojulikana tangu 1963, ni dawa nzuri. Ikiandamana na ampisilini, huokoa vichanga wenye maambukizi ya damu. Hatusemi ipigwe marufuku. Tunasema ihesabiwe siku.

Dawa hii haivunjwi na ini. Inatoka kupitia figo, na kiasi chake hunasa ndani ya seli za mirija midogo ya figo. Kila dozi inayopita mshipani huongeza juu ya iliyobaki. Madhara huanza kuonekana kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7, lakini mgonjwa mara nyingi huendelea kukojoa. Ndugu wanaona mkojo, wanatulia, kumbe kreatinini, taka inayopaswa kutolewa na figo, inapanda kwenye damu. Bila kipimo, hakuna anayejua. Mzee, mwenye kisukari, aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, na anayepewa diklofenaki kwa maumivu wako hatarini zaidi.

Dawa ikisimamishwa mapema, figo nyingi hupona. Sikio halina bahati hiyo: genta huua pia seli za usikivu, nazo zikifa hazioti tena. Na figo isipopona, kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Ni familia ngapi zinamudu hilo?

Kinga yake ni rahisi. Daktari ampime mgonjwa uzito kabla ya kuandika dozi, apime kreatinini mwanzoni na airudie matibabu yakiendelea, kisha aandike kwenye kadi siku ya kusimamisha. Siku hiyo ikifika, muuguzi asichome tena bila kuuliza. Mwenye duka la dawa asiiuze bila cheti, wala asimchome mteja nyuma ya kaunta. Duka si wodi.

Nawe unayeuguza, usione haya kuuliza: "Daktari, sindano hii inaisha lini? Figo zimepimwa?" Kuuliza si kumkosea daktari heshima. Mgonjwa aliyelala hawezi kuhesabu siku zake, mhesabie wewe.