Daftari na Tuta

Msomaji mpenzi, huenda umekwisha kusikia watu wakiwacheka wakaguzi wa hesabu. Husemwa kwamba ni watu wa miwani na kalamu nyekundu, wafikao baada ya kazi kwisha, wakahesabu misumari na kudai stakabadhi ya jembe. Nami nakiri kwamba nilipokuwa na umri kama wako nilicheka pamoja na wachekaji. Leo naandika kukikana kicheko hicho. Nadai mbele yako kwamba fedha ya umma inapotolewa ili kupunguza hatari ya maafa, hesabu yake si kazi inayofuata baada ya uokozi, bali ni sehemu ya uokozi wenyewe. Aipotezaye fedha hiyo hapotezi shilingi tu. Hupoteza usalama wa mtu asiyemjua, ambaye atalala katika nyumba ya udongo usiku ule mto utakapovuka kingo zake.

Naandika haya nikiwa Kau, mji mkongwe ulio kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, mahali ambapo Tana unakaribia bahari. Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita katika mabwawa ya umeme kama Masinga na Kiambere, kisha hushuka mamia ya kilomita hata kutufikia. Wenzetu wa nchi nyingine huogopa tetemeko la ardhi. Hofu yetu sisi ni mafuriko. Mwaka 1961, 1997, 2018, 2023 na tena 2024 maji yalifurika, yakafukuza watu majumbani na kuzamisha mashamba. Katika mvua za masika za 2024 watu zaidi ya 250 walikufa katika Kenya nzima. Lakini tazama tofauti iliyopo. Tetemeko halipigi hodi. Mafuriko ya Tana hupiga. Mvua inyeshapo milimani, maji huchukua siku kadhaa njiani kabla ya kuingia katika mashamba yetu ya mpunga. Kwa hiyo aliyepewa fedha ya kujitayarisha, kisha asijitayarishe, hana udhuru wa kusema kwamba alishtukizwa.

Mto wetu wenyewe ni mwalimu. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuunganisha Tana na Ozi. Maji yakaingia mferejini, yakala udongo wake, yakaupanua mwaka baada ya mwaka, na mwisho Tana ukaufanya njia yake ya kwendea baharini. Kilichoanza kuwa kazi ya majembe kikaishia kuwa mto. Ndivyo ulivyo upotevu wa mali ya umma. Huanza kwa hati moja ya malipo isiyo na sahihi, na asiyeuziba ufa huo mapema hushindwa kuuziba ukisha kuwa njia ya kila mtu.

Sasa tuitazame fedha yenyewe. Serikali haitoi fedha ya namna hii kama sadaka. Huitoa kama ruzuku yenye masharti, maana yake ni kwamba mpokeaji huahidi kuitumia kwa jambo lililotajwa, kwa njia iliyotajwa, na kuonyesha hesabu. Mathalani, mwaka 2021 ulianzishwa mpango ujulikanao kwa ufupi kama FLLoCA, ambao kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine ulizipa kaunti za Kenya ruzuku za kukabili mabadiliko ya tabianchi. Kaunti iliyotaka ruzuku ilipaswa kwanza kutimiza masharti, miongoni mwake kuwa na mfuko uliowekwa kwa sheria na kamati za wenyeji hata katika wadi. Masharti hayo si kiburi cha mtoaji. Ni ahadi iliyoandikwa, na ukaguzi ni kuuliza kama ahadi imetimizwa.

Wapo wapingao, na hoja zao zastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

Wa kwanza husema, "Wakati wa msiba hakuna maswali. Watu wanazama, ninyi mwataka karatasi!" Nakubali kwamba masharti yakizidi huchelewesha msaada, na mwenye njaa hali fomu. Lakini kutoa upesi ni jambo moja, na kutoa bila kuandika ni jambo jingine. Hakuna msiba unaomzuia mtu kuandika jina, tarehe na kiasi saa ile ile atoapo. Kumbuka yaliyotokea Kagera, Tanzania. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukoba na vitongoji vyake, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Wema wa watu ukaonekana, michango ikamiminika. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma ya kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Kuhukumu tuhuma ile si kazi ya insha hii. Lakini funzo lake li wazi: huruma ya taifa zima yaweza kupotoshwa njia kwa jina tu la akaunti, na asiyeuliza maswali wakati wa msiba hatakuwa na la kuuliza baadaye.

Wa pili ni mwerevu zaidi. Husema, "Karatasi zote zimekamilika. Zabuni ilitangazwa, mkandarasi amelipwa, stakabadhi hizi hapa." Huyu ameshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ina hatari kuliko uongo mzima. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 229, inataka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ithibitishe mambo mawili: kama fedha ya umma imetumika kwa halali, na kama imetumika kwa namna yenye kuleta matokeo. Sikiliza neno hilo la pili. Tuseme tuta limelipiwa mita mia tano, na stakabadhi zina mihuri. Mkaguzi akikaa ofisini atasema kazi ni safi. Akishuka ukingoni na kamba ya kupimia, akakuta mita mia tatu za udongo usioshindiliwa, atajua kwamba karatasi imekamilika na tuta halikukamilika. Maji hayasomi stakabadhi.

Tena fedha yaweza kupotea bila kuibwa. Baada ya tetemeko la 17 Agosti 1999 lililoua watu zaidi ya 17,000, Uturuki iliweka kodi ambayo wananchi waliiita kodi ya tetemeko. Mwaka 2011 waziri wa fedha wa nchi hiyo alieleza kwamba mapato yake yalikwenda katika barabara, reli, elimu na mengineyo. Barabara ni jema, na elimu ni jema zaidi. Lakini tarehe 6 Februari 2023 ardhi ilipotetemeka tena, majengo yakawaangukia watu, na zaidi ya 50,000 wakafa katika nchi hiyo. Siwezi kudai kwamba kodi ile ingaliwaokoa wote. Nasema tu kwamba waliobaki waliuliza fedha ilikwenda wapi, na swali lililoulizwa juu ya makaburi limechelewa.

Wa tatu ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa huvaa vazi la adabu. Husema, "Kumwuliza mkubwa hesabu ni kumvunjia heshima." Huyu nitamjibu kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nilikabidhiwa michango ya wazazi ya kuezeka darasa lililong'olewa paa na upepo. Kazi ilipokwisha, mzee mmoja mvuvi alinijia akasema, "Mwalimu, tuonyeshe daftari." Moyo ukanichemka. Nikamjibu, "Mzee wangu, kwani huniamini?" Akatabasamu, akasema, "Nakuamini, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa chifu. Haya, tuhesabu." Tukahesabu. Zikapungua shilingi 1,400 ambazo sikuweza kuzieleza. Sikuzila, nililipa wapiga makasia, nikanunua misumari mara ya pili, nisiandike. Lakini kwa mtu aliyetoa fedha yake, kuliwa na kusahauliwa ni hali moja. Nilizilipa kwa mshahara wangu, na tangu siku ile sijapata kuona swali la hesabu kuwa tusi. Mzee yule hakunivunjia heshima, aliiokoa. Kama asingeuliza yeye mbele yangu, wengine wangalisema nyuma yangu, nami ningalikosa cha kujibu.

Kwa hiyo usidhani kwamba ukaguzi ni adui wa mtumishi. Mtumishi mwaminifu asiye na daftari hana silaha mbele ya msengenyaji. Mwovu ndiye apendaye giza, kwa sababu gizani yeye na mwema hufanana.

Hata hivyo ripoti isiyosomwa haitengenezi tuta. Kifungu kile kile cha 229 kinawapa Bunge na mabunge ya kaunti miezi mitatu kuijadili ripoti na kuchukua hatua, na kifungu cha 226 kinamfanya mtumishi aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria awajibike kwa hasara, hata akiwa amekwisha kuacha kazi. Sheria imekwisha kutungwa. Kinachokosekana ni watu wa kuidai. Na hapo, ewe mwanafunzi, ndipo naja kwako. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Ukikuta bango la mradi katika kijiji chako, lisome. Uliza mambo manne kwa sauti ya upole: fedha ilikuwa kiasi gani, ilitolewa kwa kazi gani, nani aliipokea, na kazi iko wapi tuione kwa macho. Ukijibiwa matatu ukanyimwa la nne, usiondoke.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Habari ya fedha ya mafuriko huja hatimaye, lakini huletwa na maji. Basi na tuitafute sisi wakati ardhi i kavu, tukiwa na daftari mkono mmoja na kamba ya kupimia mkono wa pili, kabla mto haujaja kukagua wenyewe.