Wasiojulikana
Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, mtoto wa Mahambe hapa Ikungi na wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi Dodoma, nje ya makazi yake, mchana kweupe. Habari zikasema ameshambuliwa na "watu wasiojulikana", na tangu hapo maneno hayo yamekaa magazetini kama mpangaji asiyelipa kodi. Mwanzoni yalikuwa kweli tupu: mwandishi hakuwajua, akasema hivyo. Leo yamegeuka jina. Mtu akichukuliwa usiku asirudi, tunaambiwa ni wasiojulikana, na msikilizaji anatikisa kichwa kana kwamba ametajiwa ukoo anaoufahamu. Haulizi tena ni nani. Tafsida yenyewe si dhambi. Bibi zetu husema fulani "ametutoka" kwa kumhurumia mfiwa. Hii ya magazetini humhurumia nani? Wakati wa korona tulizikana kwa "changamoto ya upumuaji", na neno changamoto, ambalo zamani lilimtia mtu ari, sasa limemeza kila shida, hata kisima kilichokauka. Nawaelewa wahariri, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 haina mchezo, na mhariri naye ana watoto wa kulisha. Lakini badala ya "wasiojulikana" ipo sentensi fupi, ya kweli, isiyomsingizia mtu: hakuna aliyekamatwa. Iandikeni hiyo. Kwa risasi zile za Dodoma, hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani.