Nyumba Tupu na Taa Zake

Nyumba isiyokaliwa huzeeka upesi kuliko iliyojaa watu. Hayo tuliyaona tena mwaka huu katika mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, tulipoombwa na ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao, tuwasimamie katika kuuza nyumba aliyoiacha baba yao. Ilikuwa haina mtu kwa muda wa miezi minane. Hawakutuita kwa kuwa twajua biashara ya nyumba, maana hatuijui. Walituita kwa sababu hawakuwa wakisikizana, na wote watatu tuliwasomesha chuoni wakiwa wadogo.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma. Nyumba za namna hii zina giza lake. Ukifunga mlango wa mbele na wa uani, ukumbini hapaonekani kitu hata saa sita za mchana. Tulipoingia siku ya kwanza umeme haukuwapo. Yule kaka mkubwa akanunua umeme wa shilingi elfu kumi, akapata yuniti chache mno, akadhani ameibiwa. Haukuwa wizi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika manunuzi ya LUKU, na nyumba ikikaa miezi bila ya kununuliwa umeme, kodi hiyo hulimbikizana ikimngoja atakayenunua. Mwenye kutaka kuuza nyumba iliyofungwa na ailipe mapema, asije akawaonyesha wageni vyumba kwa tochi ya simu.

Umeme ulipokuja, katika taa sita ziliwaka mbili: moja nyeupe kama ya hospitali, na ya pili ya manjano. Kwa taa hizo mbili, ukuta mmoja uliopakwa rangi moja ulionekana una rangi mbili, na mtu angeapa kuwa una unyevu. Basi tukanunua taa za LED za namna moja kwa nyumba nzima, zile za mwanga wa joto ambazo kasha lake huandikwa kelvini 3000. Taa ya wati 9 ya aina hiyo hutoa mwanga kadiri ya ule wa globu ya zamani ya wati 60, wala haili umeme mwingi. Madirisha yakaoshwa, na tawi la mwarobaini lililoziba dirisha la chumba cha mbele likakatwa. Hilo tawi peke yake lilileta nuru kuliko taa zote.

Chumba kitupu huonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa kuwa jicho halina cha kupimia. Tuliweka kitanda katika chumba kimoja, mkeka na mito ukumbini, na meza chumba cha nyuma. Havikuzidi hivyo. Taa ya mezani tuliiweka karibu na soketi, ili waya usipite sakafuni wageni wakajikwaa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Soketi ya chumba cha pili ilikuwa imeungua, ina weusi kama wa sufuria. Dalali akasema, "Sogezeni kabati hapo, hakuna atakayeangalia nyuma yake." Kaka mkubwa akakubali papo hapo. Yule dada, naye ndiye mdogo wao, akatugeukia akasema, "Maalim, atakayelala chumba hiki ni mtoto wa mtu."

Hatukuwa na la kuongeza ila hukumu ambayo wao wenyewe waliisoma kwetu: mwenye kununua kitu kisha akakuta aibu ya zamani aliyofichwa, ana khiyari ya kukirudisha. Na nyumba si kitenge, kuirudisha kwake ni msiba kwa pande zote mbili. Kabati halikusogezwa. Gharama za fundi tukazigawa kwa kadiri ya mafungu yao ya mirathi, wanaume mawili mawili na dada yao moja, na mnung'uniko ukapungua kidogo.

Aliletwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Sisi tulikuwa tumezijaribu soketi kwa chaji ya simu, tukaridhika, yeye akacheka. Simu hula umeme kidogo sana, hata soketi mbovu huweza kuilisha. Yeye alichomeka pasi, akaiacha ipate moto, kisha akagusa plagi: ikiwa ya moto, basi waya umelegea ndani. Soketi ya sasa ya pini tatu bapa hutengenezwa kwa ampea 13, yaani kadiri ya wati 3000 kwa umeme wetu wa volti 230, na birika la chai peke yake huweza kula wati 2000. Katika vyumba viwili alikuta soketi za kale za pini za mviringo, hazina waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi, na nyaya zake zimevikwa mpira uliokauka na kupasuka. Hizo alizing'oa zote. Kwenye meni swichi akatia kifaa cha kukata umeme unapovuja. Tulimwuliza kama ni vyema kuongeza soketi nyingine ili nyumba ipendeze; akasema tusitupe fedha, mnunuzi ndiye ajuaye mahali atakapoweka friji lake.

Mnunuzi wa kwanza aliambiwa kuwa bati la uani lavuja, akaenda zake asirudi. Wa pili ni mama mwenye watoto wanne. Alikuja mara mbili, asubuhi na baada ya Magharibi, akawasha na kuzima kila swichi kwa mkono wake, na mara ya pili alikuja na pasi mkobani. Twakiri kuwa tulifurahi kuiona pasi ile. Kwa ajili ya bati alipunguza bei, na kaka mkubwa hajapendezwa hata leo. Hati ziko kwa wakili. Taa tumeziacha humo humo.