Nani Amelifunga Duka la Dawa?

Juzi bwenini tulibishana juu ya maduka ya dawa yanayofungwa katika mitaa ya maskini huko Marekani. Mwenzangu mmoja alisema, "Mwenye duka akipata hasara, na afunge. Nani atamlazimisha?" Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, nami naomba nafasi ndogo nieleze sababu.

Roxbury ni mtaa wa Boston wenye watu weusi wengi. Mwishoni mwa Januari 2024 kampuni ya Walgreens ilifunga duka lake la dawa la Warren Street, ijapokuwa wenyeji walilalamika na mbunge wao, Bi. Ayanna Pressley, alisimama Bungeni kuwatetea. Wagonjwa wakaelekezwa duka jingine, karibu maili moja. Najua baadhi yenu mtacheka: maili moja tu! Sisi tuliotembea maili tano kwenda shule tunaiona si kitu. Lakini mfikirieni bibi mzee mwenye ugonjwa wa sukari, hana gari, na theluji imejaa njiani.

Wala si Roxbury peke yake. Jarida la Health Affairs lilionyesha mwaka 2024 kwamba karibu maduka matatu katika kila kumi yaliyokuwapo kati ya 2010 na 2020 yalikuwa yamefungwa kufikia 2021, na mitaa ya watu weusi na Walatino iliumia zaidi.

Makampuni husema sababu ni wizi na faida ndogo. Wizi upo, sikatai. Lakini bei haipangwi na mwenye duka. Kati yake na bima yapo makampuni ya kusimamia malipo ya dawa, na matatu makubwa hushika karibu asilimia 80 ya vyeti vyote. Hayo ndiyo yaamuayo duka lilipwe nini, na pengine hulipa pungufu ya bei ya kununulia. Moja lao, Caremark, ni mali ya CVS, yenye maduka yake ya dawa! Refa huyo ana timu yake uwanjani. Tena maskini wengi hutumia Medicaid, bima ya serikali, ambayo kwa kawaida hulipa kidogo kuliko bima nyingine.

Basi kwa maoni yangu, malipo yasishuke chini ya gharama ya dawa, na kampuni itakayo kuondoka itoe taarifa miezi kadha mbele. Mwenzangu aliita jambo hili kuingilia biashara. Vema, lakini hata leseni ni kuingilia biashara: mwuza nyanya haruhusiwi kuuza insulini. Namngoja anijibu katika toleo lijalo.