Kisanduku cha Umeme Mikononi mwa Vijana Wetu



Kompyuta ya ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Bugarama ilipokufa, tuliiweka stoo ikisubiri kutupwa. Baada ya swala ya Alasiri, vijana wawili wa madrasa walitujia wakiomba kisanduku chake cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Walitaka kuwashia taa ndogo, feni na redio wanazoziunda wenyewe. Mzazi wa mmoja wao alikataa katakata: "Mtaniulia mtoto." Hatukumlaumu. Hofu yake ilikuwa na msingi, ila tuliona dawa yake ni elimu.

Umeme unaofika majumbani mwetu ni wa volti 230. Kisanduku hiki huupokea na kuupunguza: nyaya za manjano hutoa volti 12, nyekundu volti 5, za rangi ya machungwa volti 3.3, na nyeusi ni za kurudishia umeme. Volti 12 ni sawa na za betri ya pikipiki. Mwenye mikono mikavu akizigusa hazimdhuru. Kwa kijana anayejifunza, ni neema iliyokuwa ikielekea jalalani.

Hata hivyo, hatari zipo, na kubwa ni mbili.

Ya kwanza imo ndani ya kisanduku. Humo umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa takriban volti 325 na kuhifadhiwa katika kapasita, ambayo huweza kubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa. Kijana anayesema "nimeshazima" anaweza kupigwa na umeme na kupoteza maisha. Kwa hiyo kisanduku kisifunguliwe kwa sababu yoyote, wala kitu kisiingizwe katika matundu yake ya hewa. Kikiharibika, apewe fundi.

Ya pili ni moto. Udogo wa volti huwahadaa wengi. Waya mwekundu unaweza kutoa ampea 20 na zaidi, kiasi cha kuyeyusha waya mwembamba. Nyaya zikigusana, kisanduku kizuri hujizima. Lakini hitilafu isiyofikia kikomo chake hukiacha kikiendelea kusukuma umeme huku waya ukiungua. Kinga yake ni fyuzi ya ampea 2 au 3 katika kila waya unaopeleka umeme kwenye kazi ya kijana. Fyuzi za pikipiki hupatikana kwa wauza vipuri.

Kabla ya kuchomeka plagi, isomwe lebo ya kisanduku. Baadhi ya vile vya zamani vina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Kwetu lazima iwe 230, vinginevyo kisanduku huungua kwa kishindo. Plagi iwe ya pini tatu, na waya wa ardhini usikatwe kamwe. Ili kukiwasha, waya wa kijani huunganishwa na mweusi kupitia swichi. Kisitumike kuchajia betri, kwani hakikuundwa kudhibiti kazi hiyo.

Wapo watakaouliza: kwa nini tujitie katika mashaka haya? Wilaya yetu ya Ngara ina maporomoko ya Rusumo, penye mtambo wa megawati 80 unaozihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Mafundi wa kuihudumia mitambo ya namna hiyo kesho watatoka katika nyumba za watu. Kwa nini zisiwe zetu? Na kijana aliyenyimwa kisanduku mbele ya wakubwa atakitafuta kwingine, akifungue peke yake usiku.

Basi kamati iliwapa, kwa masharti: wafanye kazi wawili wawili, katika chumba cha madrasa, mbele ya mtu mzima anayeujua umeme; meza iwe ya mbao, kavu; na plagi ichomolewe kabla ya mtu kutoka. Dini yetu inatukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na masharti hayo ni sehemu ya kuitekeleza.

Jioni ya kwanza mzazi yule alikaa mlangoni, kimya, akitazama. Jioni ya tatu alikuja na redio yake mbovu mkononi, akauliza kama vijana wanaweza kuitazama.

Wabillahi tawfiiq.