Watafiti wetu wanaomba kuhamia Marekani: tusiwalaumu, tuangalie nani anawasukuma

Ndugu vijana wa Goma, Butembo, Bukavu, na nyinyi mulio mbali na nyumbani,

Kuna swali linazunguka kwenye magrupe ya WhatsApp: mutafiti wa Kongo anayeweka dosiye ya kuhamia Marekani, ni musaliti? Wengi wanajibu haraka sana. Sisi tunasema hapana, na tunaomba mutusikilize, juu wengi wanaongea bila kujua dosiye yenyewe inaomba nini.

Watu wenye masomo ya juu wanapita kwa fomu moja inaitwa I-140. Kuna njia ya EB-1, ya maprofesa na watafiti wanaojulikana kimataifa. Hapo mwajiri wa Marekani ndiye anakuombea, uwe na angalau miaka 3 ya kazi, na uonyeshe vitu viwili kati ya sita: tuzo, uanachama wa chama cha wataalamu, watu wengine kuandika juu ya kazi yako, kuhukumu kazi za wenzako, mchango mupya katika elimu, makala ao vitabu ulivyoandika. Kuna na njia ya EB-2, ambayo mutu anaweza kujiombea mwenyewe bila mwajiri kama anaonyesha kwamba kazi yake ni faida kwa taifa la Marekani. Tangu uamuzi mumoja wa 2016, wanapima mambo matatu: kazi yako iwe na uzito kwa taifa lao, wewe uwe na uwezo wa kuiendeleza, na wao wapate faida kukuondolea sharti la mwajiri.

Faida kwa taifa. Inchi ya wengine inamuuliza kijana wetu: utatusaidia nini? Huku kwetu, ni ofisi gani ilishamuuliza hivyo, hata mara moja?

Sasa tuipeleke dosiye hiyo Kalembe. Munapajua: upande mumoja Masisi, upande mwingine Walikale, na mwezi wa 10 mwaka 2024 vita vilifika mpaka pale, watu wakakimbia na watoto mugongoni. Tuchukue mfano wa kijana wa kule aliyesoma biolojia ao uuguzi. Anajua nyama gani ya pori inauzwa sokoni na inatoka musitu gani. Anajua ni kijiji gani watoto wanapata surua kila mwaka. Watafiti wanapokuja, yeye ndiye anatembea na sanduku la baridi ndani ya matope, anauliza maswali kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda, anarudi na majibu na damu katika vichupa. Miezi inapita, makala inatoka. Majina juu ni ya wengine. Yeye, akibahatika, yuko kwenye musitari wa shukrani, na mara nyingi hata hapo hayuko.

Siku atajaza I-140 ataulizwa: makala zako ziko wapi? Nani alizitaja? Na diplome yako? Diplome ilibaki ndani ya nyumba siku ya kukimbia.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, akatoa damu ya wagonjwa bila hata gants, na damu ya mugonjwa ikatumwa Ubelgiji. Kwa miaka mingi hadithi ya Ebola ilielezwa kama vile iligunduliwa Antwerp tu. Muyembe alikuwa amesoma Leuven, angeweza kubaki kule, akarudi. Damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 ndiyo ilitoa dawa ya mAb114, ambayo Marekani iliikubali mwezi wa 12 mwaka 2020 kwa jina la Ebanga. Na dawa hiyo ilipimwa wapi? Hapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wakati ugonjwa ulipoua watu zaidi ya 2,200. Wauguzi na watu wa labo waliofanya kazi ile chini ya mawe na risasi ni wa hapa. Wangapi kati yao wako na karatasi inayoonyesha walifanya nini?

Na anayebaki, tunamufanyia nini? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Kabla ya siku ile, watu wa Observatoire ya volkano ya Goma walikuwa wamelalamika: mishahara haifiki, musaada wa Banki ya Dunia umekwisha, hata intaneti ya kutuma vipimo vya mulima imekatika. Mujini wenye watu zaidi ya milioni moja! Halafu mutu wa hivyo akiweka dosiye ya kuondoka, tunamuita musaliti. Coltan ya Rubaya nayo inatoka kila siku, hakuna anayeiuliza viza.

Hatusemi kwamba kuondoka ni dawa. Kila muganga na kila mujiolojia anayeenda, pengo lake linabaki kwetu, na kijiji kama Kalembe kinalisikia mbele ya Kinshasa. Lakini huwezi kufunga mulango kwa mutu ambaye ndani ya nyumba hajapewa kiti.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba kwa sauti. Wanaokuja kufanya utafiti Masisi na Walikale, wa hapa ao wa kutoka inje, waandike mukataba mbele ya kuanza: aliyekusanya na kuchambua data, jina lake liwe kati ya waandishi, si kwenye shukrani. Vyuo vikuu viwape wahamiaji wa vita nakala mupya za diplome bila kulipisha. Serikali ilipe watafiti wake mushahara kila mwezi, kama inavyolipa wabunge.

Na kwako uliyeanza dosiye: uwe macho. Kuna watu mujini wanauza "I-140 ya uhakika". Hakuna kitu kama hicho. Fomu yenyewe ni bure kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Kinacholipwa ni ada ya kuiweka, na tangu mwezi wa 4 mwaka 2024 ni dola 715, pamoja na 300 kwa anayejiombea mwenyewe. Karatasi zote za Kifaransa lazima zitafsiriwe kwa Kiingereza. Hata wakikubali ombi, bado si viza: kuna zamu ya kungojea, kipimo cha afya, na mahojiano, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa 1 mwaka 2025, kufika Kinshasa ni safari ya kuzunguka inchi za jirani.

Uko ulifanya kazi kwenye utafiti Kalembe, Pinga, Mweso ao popote, na jina lako halikutokea? Weka hesabu tangu leo: tarehe, kijiji, kazi uliyofanya, nani alikutuma. Piga picha ya daftari lako, uitunze mahali pawili.