Kasongo na Kabambare: njia ya maji ijulikane kabla ya kugawa viwanja

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kila mpango wa kugawa viwanja vya nyumba unapaswa kujibu swali moja kabla ya kutiwa sahihi: maji ya mvua yatapita wapi?

Shamba hunywa sehemu kubwa ya mvua. Nyumba zikibanana mahali hapo, mabati humwaga maji kwa mara moja, nayo humshukia jirani wa bondeni ambaye hakununua kiwanja wala hakuulizwa neno.

Mifano haiko mbali. Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira na kubomoa nyumba nyingi. Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, eneo la Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Maniema haina milima kama ya Kalehe, lakini funzo ni lile lile: maji hurudi kwenye njia yake, hata ikiwa imejengwa.

Watu watasema mitaro ni ghali. Ni kweli. Lakini kuacha nafasi ya mtaro kwenye ramani hakuhitaji saruji. Kuitafuta baadaye ni kubomoa kuta na kulipa fidia.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Basi anayeugawa asimwachie mnunuzi mzigo wa maji. Watumishi wa kadasta wapatembelee mahali hapo wakati wa mvua, pamoja na wazee na wakaaji wa bondeni. Ndipo sahihi itiwe.